Kuanzia chuo cha jamii Marekani bila kupoteza miaka wala pesa

Mwezi wa Machi ukifika, majibu ya vyuo vikuu huanza kurudi, na simu nazo huanza. Binti yangu alikuwa bado hajafungua barua ya tatu, dada yangu akapiga kutoka Tanga. "Haya, mwanetu kapata chuo gani?" Nikamwambia tunafikiria aanzie chuo cha jamii, hapa hapa karibu na nyumbani. Akanyamaza kidogo. "Kwani kafeli?"

Simlaumu. Kwetu neno lenyewe limebeba mzigo. Tanzania ukisema "chuo cha jamii", mtu anawaza vyuo vya maendeleo ya wananchi. Kenya mtu akisikia mtoto yuko kolegi, anaelewa kwamba hakufikisha alama za chuo kikuu. Tunakuja nayo maana hiyo mpaka Marekani, tunaivalisha kitu kingine kabisa, halafu tunasaini mikopo ya maelfu ya dola ili tusiulizwe swali kama lile la dada yangu.

Chuo cha jamii cha Marekani, kile ambacho Wamarekani hukiita community college, ni chuo cha umma. Kina kozi za ufundi na kazi, lakini pia kinafundisha masomo yale yale ya miaka miwili ya kwanza ya chuo kikuu. Kikongwe kuliko vyote vya umma kiko Joliet, Illinois. Kilifunguliwa mwaka 1901 kwa ajili hiyo hasa: vijana wasome mwanzo karibu na kwao, wakamalizie chuo kikuu. Leo nchi nzima ina vyuo kama elfu moja vya aina hii. Eileen Collins, mwanamke wa kwanza kuongoza chombo cha anga cha NASA, alianzia Chuo cha Jamii cha Corning, New York, akahamia Syracuse. Digrii ya kwanza ni krediti 120 hivi, yaani pointi unazopata kwa kila somo unalofaulu. Chuo cha jamii kinakupa 60, nazo ndizo shahada ya miaka miwili inayoitwa associate. Zilizobaki unazimalizia chuo kikuu, na cheti cha mwisho kinatoka chuo kikuu, kwa jina lake na muhuri wake.

Lakini nisikufiche upande wa pili. Wengi mno wanaoanzia huku hawafiki mwisho. Katika kila wanafunzi 100, kama 80 huingia wakitaka digrii ya miaka minne. Wanaohamia chuo kikuu ni kama theluthi moja tu, na wanaoipata digrii hiyo ndani ya miaka sita ni 16 hivi. Si kwamba hawana akili. Wana kazi za usiku, wana watoto, na wengi wamechukua masomo ambayo chuo kikuu hakikuyahesabu. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilikadiria katika ripoti ya mwaka 2017 kwamba wanafunzi wanaohama chuo hupoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao. Karibu nusu ya jasho lao inaishia njiani. Hatua zinazofuata zote zinahusu jinsi ya kuizuia hasara hiyo.

Hatua ya kwanza: weka barua zote mezani, tafuta bei halisi

Usianze na jina la chuo. Anza na barua ya msaada wa fedha, ile inayofuata baada ya barua ya kukubaliwa. Mwaka juzi niliketi jikoni na familia moja tunayosali nayo. Baba anafanya kazi kwenye ghala la mizigo, watoto watano, na kijana wao mkubwa amekubaliwa chuo kikuu binafsi chenye jina. Barua ilikuwa na rangi nzuri na juu yake pongezi. Nikachukua kalamu nyekundu.

Gharama ya mwaka mzima, ada na malazi na chakula: dola 62,000. Zawadi ya chuo: 31,000. Ruzuku ya serikali ya Pell: 7,395. Hizo mbili ndizo pesa za bure. Chini yake barua iliendelea kana kwamba ni mfululizo ule ule: mkopo wa mwanafunzi 5,500, kisha kazi ya ndani ya chuo 2,500. Mkopo si msaada. Ni deni, hata likipangwa kwenye safu moja na zawadi. Na zile 2,500 za kazi hupewi mpaka uzifanyie kazi, saa kwa saa. Baada ya yote zilibaki dola 15,605, na mstari wa mwisho ukapendekeza zijazwe na mkopo wa mzazi uitwao Parent PLUS. Mkopo huo ni wa mzazi. Mtoto hawajibiki kisheria, na baba huyu ana miaka 51. Mara nne ni 62,420 kabla ya riba, na hapo tumechukulia ada haipandi.

Baba aliitazama ile namba muda mrefu. Kisha akamwuliza mwanawe, kwa upole kabisa, kama anajua ghala linalipa kiasi gani kwa saa.

Fanya hivyo kwa kila barua. Piga mstari chini ya zawadi na ruzuku tu, toa kwenye gharama, andika kinachobaki, zidisha kwa nne. Kwa kulinganisha, katika mwaka wa masomo 2024–25 wastani wa ada nchini ulikuwa dola 4,050 kwa chuo cha jamii ukiwa mkazi wa eneo hilo, 11,610 kwa chuo kikuu cha umma cha jimboni kwako, na 43,350 kwa chuo kikuu binafsi. Mwenye Pell kamili anayeishi kwa wazazi analipa ada ya chuo cha jamii, na kinachobaki anarudishiwa kwa ajili ya vitabu na nauli.

Hesabu hii pia inaweza kukupeleka upande wa pili, na ikifanya hivyo ifuate. Vyuo vikuu vichache vyenye utajiri mkubwa huwa rahisi kuliko vyote kwa familia yenye kipato kidogo. Harvard, kuanzia mwaka wa masomo 2025–26, inagharimia kila kitu kwa familia ya kawaida yenye kipato cha hadi dola 100,000. Mwanao akipata nafasi ya namna hiyo, mpeleke. Kumbuka vilevile kwamba skolashipu nyingi hutolewa kwa wanaoanza mwaka wa kwanza. Anayehamia baadaye hukuta chache. Hii ni gharama ya kweli ya njia ya chuo cha jamii, iandike kwenye hesabu yako.

Hatua ya pili: chagua kwanza mahali pa kumalizia

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na mimi nikiwemo. Mtu anajiandikisha chuo cha jamii kwa sababu kiko karibu, anachukua masomo yanayolingana na zamu zake, akisema chuo kikuu atakifikiria baadaye. Fanya kinyume. Chagua chuo kikuu na fani kabla ya kulipia somo la kwanza, hata kama utakuja kubadili mawazo. Kisha tafuta makubaliano yaliyoandikwa kati ya chuo chako cha jamii na chuo kikuu hicho.

Kila jimbo lina utaratibu wake. California ina tovuti ya ASSIST: unaingiza chuo unachotoka, unakokwenda na fani yako, inakuonyesha somo kwa somo nini kinahesabiwa badala ya nini. Huko huko, kampasi sita za Chuo Kikuu cha California, yaani Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz, hutoa uhakika wa nafasi kwa mwanafunzi wa chuo cha jamii aliyetimiza masharti, na maombi ya uhakika huo hupokewa mwezi wa Septemba peke yake. Texas ina masomo ya msingi ya krediti 42 ambayo vyuo vyote vya umma vya jimbo vinatakiwa kuyapokea kwa pamoja ukiyamaliza. Minnesota ina mpango wa namna hiyo wa krediti 40. Virginia, chuo cha jamii cha Northern Virginia na Chuo Kikuu cha George Mason vina mpango mmoja uitwao ADVANCE tangu 2018, ambapo unaandaliwa safari ya vyuo vyote viwili kwa pamoja tangu siku ya kwanza. Ukiwa kwingine, andika kwenye intaneti jina la chuo chako cha jamii, jina la chuo kikuu na maneno "transfer agreement". Ikiwa hakuna kinachotokea, uliza ofisi za pande zote mbili.

Kuna maneno mawili ya kutenganisha: krediti kukubaliwa na krediti kuhesabiwa. Chuo kikuu kinaweza kukubali krediti zako zote 60, kisha kikaziweka 20 kwenye kapu la masomo ya hiari ambayo fani yako haiyahitaji. Kwenye karatasi hukupoteza kitu. Kwenye maisha umepoteza muhula mmoja au zaidi. Kwa hiyo usiulize, "Mtapokea krediti zangu?" Uliza, "Zitahesabiwa kwenye fani ya uhandisi?", au yoyote uliyochagua.

Mimi nilisomea uuguzi. Mshauri wangu wa kwanza aliniambia biolojia yoyote itafaa. Nikachukua ile ya wanafunzi wasiosomea sayansi, nikafaulu vizuri, nikafurahi. Mwaka mmoja baadaye, kwenye dirisha la idara ya uuguzi, dada mmoja aliipitisha kalamu juu ya transkripti yangu, ile karatasi ya masomo na alama zangu zote, akasimama kwenye biolojia, akatikisa kichwa. Ilitakiwa anatomia na fiziolojia, sehemu ya kwanza na ya pili, na mikrobiolojia. Nililia kwenye gari. Tangu siku hiyo sipokei jibu la mdomo katika jambo la masomo. Ukimaliza kuongea na mshauri, mwandikie barua pepe jioni ile ile: "Asante kwa muda wako. Nimeelewa kwamba somo hili litahesabiwa kwenye fani hii. Naomba uthibitishe." Hifadhi jibu. Hifadhi pia muhtasari wa kila somo anaougawa mwalimu wiki ya kwanza, maana chuo kikuu kikikataa somo, muhtasari huo ndio unaotumika kukata rufaa.

Wanaotaka uuguzi, na najua ni wengi kwetu

Aliyesoma miaka miwili chuo cha jamii na aliyesoma minne chuo kikuu hufanya mtihani mmoja wa leseni, NCLEX-RN, na wote hutoka na leseni ile ile ya RN, yaani muuguzi aliyesajiliwa. Baada ya hapo unaajiriwa, na unaweza kumalizia digrii ukiwa kazini, mara nyingi kwa mtandao. Baadhi ya hospitali huchangia ada. Ugumu uko mlangoni: nafasi ni chache, alama za masomo ya sayansi zinapimwa kwa ukali, na programu nyingi hazitaki sayansi iliyosomwa zaidi ya miaka mitano iliyopita. Jihadhari na shule za kibiashara zinazokuahidi nafasi mara moja. Kabla ya kulipa, hakikisha bodi ya uuguzi ya jimbo lako imeiidhinisha programu hiyo, na uliza chuo kikuu cha umma kilicho karibu kama kinapokea krediti zake. Ripoti ile ile ya GAO ilikuta kwamba anayetoka shule ya kibiashara kwenda chuo cha umma hupoteza karibu krediti zake zote.

Hatua ya tatu: FAFSA

Hii ndiyo fomu ya kuombea msaada wa masomo wa serikali kuu, ikiwemo Pell. Jaza hata kama unadhani hustahili. Ni bure, kwenye studentaid.gov; ukiona ukurasa unaodai malipo, toka. Kwa kawaida fomu hufunguliwa 1 Oktoba, na hutumia kodi ya miaka miwili nyuma. Wenye green card wanaruhusiwa, na vilevile wakimbizi na waliopewa hifadhi ambao I-94 yao, yaani hati ya kuingia nchini, inaonyesha hivyo. Mzazi asiye na namba ya Social Security anaweza kufungua akaunti na kutia saini kama mzazi. Mwenye viza ya mwanafunzi wa kigeni, F-1, hapati Pell, na chuo kitamtoza ada ya mgeni, kwa hiyo hesabu yake ifanywe upya kabisa.

Uliza pia jimbo lako. Tennessee ilianza kuwalipia ada ya chuo cha jamii wahitimu wa sekondari mwaka 2015. Massachusetts ilifungua mlango huo kwa wakazi wote wasio na digrii mwaka 2024, na Minnesota mwaka huo huo ikaanza kulipia ada ya vyuo vya umma kwa familia zenye kipato chini ya dola 80,000.

Hatua ya nne: vyeti vya nyumbani na mtihani wa kupangiwa madarasa

KCSE, kidato cha nne au cha sita, Diplôme d'État ya Kongo: vyote vinaweza kutumika, ila cha Kifaransa kinahitaji tafsiri, na chuo kinaweza kudai tathmini kutoka shirika kama WES. Ambaye vyeti vyake vilipotea vitani au kambini asikate tamaa. Vyuo vya jamii vingi hufundisha maandalizi ya GED, mtihani unaochukua nafasi ya cheti cha sekondari, mara nyingi bila malipo.

Mtihani wa kupangiwa madarasa usiuingie kama ziara ya kuona chuo. Nimewaona vijana waliosoma hesabu ngumu kwao wakiingia bila kujikumbusha, wakapangiwa hesabu za darasa la chini ambazo hazihesabiwi kwenye digrii lakini zinakula pesa za Pell. Pell ina kikomo cha mihula 12 ya masomo kamili maishani. Pitia hesabu wiki mbili kabla, na uliza kama unaweza kurudia mtihani. Kiingereza vivyo hivyo: kama unakihitaji kisome kwa bidii, lakini uliza kuna ngazi ngapi mpaka Kiingereza kinachohesabiwa, na kama kuna darasa linalochanganya ngazi mbili.

Hatua ya tano: mwendo

Serikali inakuita mwanafunzi wa muda wote ukiwa na krediti 12, ila kwa 12 humalizi 60 kwa miaka miwili. Zinatakiwa 15 kila muhula, au 12 na masomo ya kiangazi. Anayefanya kazi saa 40 asijidanganye na 15; achukue 9 kwa uhakika kuliko 15 na kuacha masomo mawili katikati. Somo uliloliacha huingia kwenye transkripti kama W, yaani umejitoa, na ofisi ya misaada inalihesabu. Kwa kawaida lazima ufaulu angalau theluthi mbili ya krediti ulizojiandikisha na ubaki na wastani wa alama wa 2.0 kati ya 4, la sivyo msaada unakatwa.

Wastani wako ukifika 3.5, tazama barua pepe ya Phi Theta Kappa. Ni chama cha heshima cha vyuo vya miaka miwili tangu 1918, si matapeli, na vyuo vikuu vingi vina skolashipu za wanachama wake wanaohamia. Kubwa kuliko zote ninayoijua ni ya Jack Kent Cooke, inayofika dola 55,000 kwa mwaka. Na nenda ofisini kwa walimu. Kwenye darasa la watu 25 mwalimu atakujua kwa jina, na huyo ndiye atakayekuandikia barua ya kuhamia.

Kuhusu watu

Binti yangu aliniuliza, "Mama, shuleni kila mtu anavaa fulana ya chuo chake siku ile ya Mei ya kutangaza anakokwenda. Mimi nitavaa nini?" Sikumwambia kwamba jina la chuo halina maana, kwa sababu si kweli. Wachumi Stacy Dale na Alan Krueger waliwafuatilia wanafunzi wenye uwezo unaofanana, wakakuta kwamba kwa wengi chuo chenye jina hakikuongeza kipato. Waliofaidika ni watoto weusi, wenye asili ya Amerika ya Kusini, na wale ambao wazazi wao hawakusoma sana. Hao ni watoto wetu. Kwa hiyo jina tunalitaka, na tumelipanga mwishoni, pale linapoandikwa kwenye cheti. Hata Princeton, iliyokuwa imefunga mlango wa wanaohamia kwa miongo, iliufungua tena mwaka 2018, na iliwalenga hasa wanafunzi wa vyuo vya jamii na waliotoka jeshini.

Nilimwambia avae fulana ya chuo kikuu atakachohamia, kwa kuwa mkataba wake upo kwa maandishi. Dada yangu naye nilimpa jibu moja ambalo sasa nalitoa kwa kila anayepiga: "Anasomea uhandisi, atamalizia chuo kikuu cha jimbo mwaka 2028." Mpe mtu fani, mahali pa kumalizia na mwaka. Huulizwi tena kama mtoto amefeli.

Hatua ya sita: kuhama

Anza maombi mwaka mmoja kabla. Kwa vyuo vikuu vingi vya California, maombi ya kuingia msimu wa vuli hufungwa mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba, wakati wewe bado unahangaika na muhula wa tatu. Tuma transkripti za kila chuo ulichopita, hata kile ulichosoma somo moja ukashindwa; kuficha kunaweza kukufukuzisha. Ukipokea karatasi ya krediti, ikagulie pembeni ya zile barua pepe ulizohifadhi, na mahali isipolingana kata rufaa wiki ile ile, kabla hujajiandikisha masomo.

Na kama ulilazimika kuhama kabla ya kufikisha 60, uliza chuo kikuu kama kinaweza kurudisha krediti zako mpya kwenye chuo cha jamii ili upewe ile shahada ya miaka miwili ukiwa unaendelea. Majimbo mengi yana utaratibu huo, na kwa kawaida unachohitaji ni kutia saini fomu moja kwenye ofisi ya msajili.